Uvimbe wa nyuroendokrini ukishafika kwenye ini: kukata, kuchoma, kuziba au kupandikiza?

Mgonjwa akiambiwa saratani imefika kwenye ini, wengi wa ndugu waliomsindikiza huelewa jambo moja: kisu hakina kazi tena. Kwa saratani nyingi hawakosei. Vivimbe vya nyuroendokrini, vinavyoitwa kwa kifupi NET, ni habari nyingine. Vinatokana na seli zinazotengeneza homoni, mara nyingi kwenye utumbo mwembamba au kongosho. Hukua taratibu, hulipenda ini kuliko kiungo kingine chochote, na mtu huweza kuishi navyo miaka mingi huku vikiendelea kumwaga homoni ndani ya damu. Hapo lililo gumu ni kujua kianze nini, kwa sababu kuna njia nne za kuyashughulikia madoa ya ini, yaani vivimbe vilivyosambaa humo, na kila njia inaweza kuifungia nyingine mlango.

Kabla ya kuchagua

Anza na daraja la uvimbe. Mwanapatholojia hutoa asilimia iitwayo Ki-67, inayoonyesha kasi ya seli kugawanyika: chini ya 3% ni G1, 3 hadi 20% ni G2, zaidi ya 20% ni G3. Karibu yote yaliyoandikwa hapa kuhusu upasuaji yanawahusu wenye G1 na G2. Karsinoma ya nyuroendokrini, ambayo seli zake zimepoteza kabisa sura ya asili, huanza na kemotherapia. Kuikimbilia kwa kisu ni kupoteza wiki ambazo mgonjwa hana. Kinyama cha kipimo kichukuliwe kwenye doa la ini lenyewe, kwani daraja huweza kuwa juu kuliko la uvimbe wa mwanzo.

Kisha picha. CT peke yake haitoshi. MRI inayotumia gadoksetati, dawa inayonyonywa na seli nzima za ini, huonyesha madoa madogo zaidi, na PET, picha inayotumia dawa ya mionzi, hapa galiamu-68 DOTATATE, huonyesha mwili mzima. Ukiambiwa nenda kapige PET, uliza ni ya dawa gani. PET iliyozoeleka ni ile ya sukari, FDG, na uvimbe wa G1 hauli sukari kwa pupa: mtu anaweza kuwa na ini lililojaa madoa na majibu yakatoka karibu safi.

Hata picha bora ina mpaka wake. Mwaka 2010 madaktari wa Ufaransa walichapisha matokeo ya kuchunguza sehemu za ini walizowakata wagonjwa wa NET: walizipasua vipande vyembamba sana, kimoja baada ya kingine, wakahesabu. Zaidi ya nusu ya vivimbe havikuwa vimeonekana kabla, si kwenye picha, si kwa mkono wa daktari aliyelipapasa ini lenyewe. Kwa hiyo ripoti ikisema madoa matano, isome kwamba ni matano kwa uchache. Anayelielewa hili hatashangaa akielezwa baadaye kwamba upasuaji uliofanyika vizuri kabisa umefuatwa na madoa mapya.

Kipimo cha tatu ni moyo. Serotonini inayotoka kwenye madoa ya ini hukakamaza valvu za upande wa kulia, ya trikaspidi hasa, zikaanza kuvujisha. Damu hurudi nyuma hadi kwenye vena za ini, ini likavimba na kujaa. Kulikata ini la namna hiyo ni kukata sponji iliyoloa damu. Ndiyo maana eko, yaani altrasaundi ya moyo, haikwepeki, na valvu iliyoharibika vibaya hutengenezwa kwanza, ini likasubiri.

Mkojo wa saa 24 hupima 5-HIAA, mabaki ya serotonini. Hapa watu wa Kagera, Kilimanjaro na Uganda wasikie vizuri: ndizi, mbivu na za kupika, hupandisha kipimo hiki bila uvimbe wowote. Nanasi, parachichi na nyanya vilevile. Viache siku 3 kabla na siku ya kukusanya mkojo, la sivyo majibu hayatakuwa na maana. Na kwa mwenye ngozi nyeusi, ule wekundu wa uso unaotajwa vitabuni huonekana kwa shida. Muulize kama anahisi joto la ghafla usoni na kifuani, pamoja na kuharisha kusikokoma hata akiwa hajala.

Kwa jicho la haraka

| Njia | Inamfaa nani | Kukaa hospitali | Mlango inaoweza kuufunga |
|---|---|---|---|
| Kukata | Madoa yanayoweza kuondolewa kwa angalau 70%, ini la kutosha likibaki | Takriban wiki 1 | Mdogo, ila ini lililobaki likiwa dogo mno |
| Kuchoma kwa sindano | Madoa machache ya hadi sm 3 | Usiku 1 | Karibu hakuna |
| Kuziba ateri | Madoa mengi pande zote za ini | Siku chache | Shanga za mionzi huweza kudhoofisha ini miezi baadaye |
| Kupandikiza ini | Wachache waliochujwa sana | Wiki kadhaa | Dawa za kushusha kinga maisha yote |

Kukata

Tukilazimishwa kuchagua njia moja ya kuulizia kwanza, ni hii. Katika wagonjwa 170 waliopasuliwa Mayo Clinic, Marekani, na matokeo yao kuchapishwa mwaka 2003, 61% walikuwa hai baada ya miaka 5 na 35% baada ya miaka 10. Waliokuwa na dalili za homoni walikuwa 108; 104 kati yao walipata nafuu. Sasa soma upande wa pili: ndani ya miaka hiyo 5 uvimbe ulirudi kwa 84%. Mkusanyo mwingine wa wagonjwa 339, wa mwaka 2010, ulikuta 74% wako hai baada ya miaka 5 na uvimbe umerudi kwa 94%. Nambari hizi zinatembea pamoja. Upasuaji huu hununua miaka na hukata dalili, haung'oi mzizi. Daktari anayekuahidi kupona kabisa hajakueleza yote.

Kwa kuwa lengo ni hilo, si lazima kila doa litoke. Zamani ilitakiwa 90% ya mzigo wa uvimbe iondoke ndipo mgonjwa apelekwe mezani. Vituo vingi vyenye uzoefu sasa hukubali 70%, na hilo limewafungulia mlango wagonjwa waliokuwa wakirudishwa nyumbani.

Namna ya kukata nayo imebadilika. NET kwa kawaida husukuma nyama ya ini pembeni badala ya kuipenya, kwa hiyo doa lililo karibu na uso wa ini hutoka kama kokwa ya parachichi lililoiva: daktari hufuata mpaka wake, na ukingo mwembamba hutosha. Hakuna haja ya kutoa nusu ya ini kwa ajili ya madoa manne yaliyotawanyika. Ini lihifadhiwe, maana mgonjwa huyu pengine atarudi mezani tena. Altrasaundi iwekwe juu ya ini lenyewe tumbo likiwa wazi. Hapo ndipo madoa ambayo MRI iliyakosa hujitokeza, na mpango hubadilishwa palepale.

Pale ambapo kukata upande mzima hakuepukiki, hesabu ni ya kinachobaki. Ini zima lisilo na ugonjwa mwingine lahitaji kubakiza angalau robo ya ujazo wake. Lililopitia kemotherapia nyingi, 30%. Lenye sirosisi, yaani makovu, 40%. Kikipungua, vena ya poota, mshipa unaoleta damu ya utumbo kwenye ini, huzibwa kwanza katika upande utakaotolewa, damu ikahamia upande wa pili, na baada ya wiki 4 hadi 6 upande huo huwa umenenepa. Kosa linalofanyika hapa ni kusahau kwamba madoa yaliyo katika upande unaonenepeshwa nayo hunenepa. Yatolewe au yachomwe kabla ya kuziba vena, ndiyo maana upasuaji huu mara nyingi huwa wa awamu mbili.

Wakati wa kukata, damu iingiayo kwenye ini hubanwa dakika 15 na kuachiwa dakika 5, kwa zamu, na daktari wa usingizi huweka presha ya vena chini ili ini lisivuje. Huyo daktari wa usingizi ndiye mwenye kazi ngumu kuliko anayeshika kisu. Mkono ukiligeuza ini lililojaa NET, homoni humwagika kwa mkupuo: presha inaporomoka mbele ya macho, uso unawaka, kifua kinabana kama cha mwenye pumu. Hiyo ndiyo dhoruba ya kasinoidi. Kinga ya kawaida ni dripu ya oktreotaidi, dawa ya kuzuia homoni hizo, mikrogramu 50 hadi 100 kwa saa, iliyoanzishwa kabla ya kisu, na nyongeza ya mikrogramu 100 hadi 500 kwenye mshipa dhoruba ikizuka. Tafiti za karibuni zimeonyesha kwamba dhoruba huja hata kwa aliyepewa dripu, na kinachookoa ni kuipandisha presha haraka. Oktreotaidi na dawa ya kupandisha presha ziwe zimeshavutwa kwenye bomba la sindano, mezani. Ukiuliza habari hii na timu ikaonekana kuisikia kwa mara ya kwanza, tafuta hospitali nyingine.

Mambo mawili yafanywe tumbo likiwa bado wazi. Mfuko wa nyongo utolewe, kwa sababu sindano za kila mwezi za oktreotaidi au lanreotaidi huleta mawe ya nyongo, na kwa sababu ateri ya ini ikija kuzibwa siku za usoni mfuko huo huweza kuoza. Na uvimbe wa utumbo mwembamba utolewe pamoja na tezi zake za kwenye mesenteri, utando unaoushikilia utumbo. Ukiachwa, huvuta utumbo na kuukunja hadi njia ya chakula inaziba.

Baada ya upasuaji, hatari kuu ni nyongo kuvuja na ini kushindwa kazi. Siku ya 5 ndiyo ya kutazamwa: bilirubini, rangi ya nyongo ndani ya damu, ikiwa juu ya mikromoli 50 kwa lita na kipimo cha kuganda damu kiko chini ya 50%, hali ni mbaya, na hilo litambuliwe siku hiyohiyo. Katika vituo vinavyofanya kazi hii kila wiki, vifo baada ya kukata sehemu kubwa ya ini huwa chini ya 5%. Sehemu ndogo, karibu 1%. Wasiofanya mara kwa mara hawafikii hapo.

Kichwa cha kongosho: mlango unaofungwa bila kujua

Hili lina kichwa chake kwa sababu linaumiza watu wengi. Uvimbe ukiwa kwenye kichwa cha kongosho, upasuaji wake ni ule wa Whipple, ambao huukata mfereji wa nyongo na kuuunganisha moja kwa moja na utumbo. Tangu siku hiyo bakteria wa utumbo hupanda hadi ndani ya ini wapendavyo. Mgonjwa hahisi kitu, mpaka siku mtu atakapochoma doa la ini au kuziba ateri: nyama iliyokufa humo hupata bakteria, na ndani ya wiki chache kuna jipu la ini. Mrija uliowekwa kwenye mfereji wa nyongo una madhara hayohayo.

Kwa hiyo, kama hali inaruhusu, ini lishughulikiwe kwanza, Whipple ifuate. Kinachofanyika mara nyingi ni kinyume chake, kwa sababu uvimbe wa kongosho ndio uliogunduliwa kwanza na daktari wa kongosho ndiye aliyempokea mgonjwa. Mwili au mkia wa kongosho hauna tatizo hili; kuukata hakugusi mfereji wa nyongo.

Kuchoma kwa sindano

Sindano ya mawimbi mikro huingizwa katikati ya doa na kulipika kwa dakika 3 hadi 10. Hufanyika kupitia ngozi kwa kuongozwa na CT au altrasaundi, au tumbo likiwa wazi kama msaidizi wa kisu: daktari anatoa madoa ya juu na kuchoma yaliyojificha ndani. Ushirikiano huu ndio matumizi bora ya sindano, kuliko kuiona kama mshindani.

Mipaka yake ni mitatu. Ukubwa: hadi sm 3 hufanya kazi vizuri, zaidi ya hapo kingo hubaki hai. Mishipa mikubwa: damu ipitayo hupoza doa lililo kando yake kama maji ya bomba yanavyopoza sufuria, na seli za upande huo hunusurika. Mifereji ya nyongo: doa lililo ndani ya sm 1 ya mfereji mkuu lisichomwe, mfereji utasinyaa na kuziba.

Jambo dogo ambalo huharibu kazi: doa likichemka hutoa viputo vya mvuke vinavyoonekana kwenye altrasaundi kama wingu jeupe, na wingu hilo huficha kila kilicho nyuma yake. Anayechoma madoa matatu aanze na la chini kabisa. Akianza na la juu, mawili yaliyobaki atayachoma kwa kukisia. Na joto nalo humwaga homoni, kwa hiyo oktreotaidi iwepo hapa pia, ingawa tundu ni la sindano tu.

Kuziba ateri ya ini

Ini lina milango miwili ya damu. Takriban 75% huingia kwa vena ya poota na 25% kwa ateri, lakini vivimbe hunywa karibu yote kutoka kwenye ateri. Ukiiziba ateri, uvimbe unalala njaa na ini linaendelea kuishi. Mrija mwembamba huingizwa kupitia paja au kifundo cha mkono hadi kwenye tawi linalohusika, na vipunje vinamiminwa: vitupu, vyenye kemotherapia, au shanga za itriamu-90 zinazotoa mionzi.

Njia hii ni ya mwenye madoa yasiyohesabika pande zote, hasa anayeteswa na kuharisha na joto licha ya sindano za kila mwezi. Haifanywi ini zima kwa siku moja. Nusu kwanza, nusu nyingine baada ya wiki 4 hadi 6. Homa, maumivu ya ubavu na kichefuchefu kwa siku kadhaa ni kawaida na si dalili kwamba kuna kilichoharibika. Vena ya poota ikiwa imeziba kwa damu iliyoganda, usikubali kuzibwa ateri kabla hilo halijajadiliwa: milango yote miwili ikifungwa, ini lenyewe hufa.

Kuhusu aina ya vipunje tuna maoni yetu. Shanga zinazoachia kemotherapia taratibu ziliwahi kuingizwa kwenye jaribio la kuzilinganisha na vipunje vya aina nyingine kwa wagonjwa wa NET, na kundi lililopewa shanga hizo likafungwa mapema kwa sababu ya madhara makubwa. Ini la mgonjwa wa NET mara nyingi halina sirosisi, mifereji yake ya nyongo ni laini na huungua kirahisi. Vipunje vitupu vinatosha kwa wengi. Itriamu-90 huvumilika vizuri wiki za mwanzo, ila kovu lake kwenye ini huonekana miezi au miaka baadaye, na mgonjwa wa NET ana miaka hiyo.

Ndiyo maana itriamu-90 hupimwa kwa kulinganishwa na tiba ya lutetiamu-177, dawa ya mionzi inayodungwa kwenye mshipa na kuzifuata seli za NET popote zilipo: mizunguko 4 ya gigabekereli 7.4, kila wiki 8. Katika jaribio la mwaka 2017 lenye wagonjwa 229, ugonjwa haukuwa umesonga mbele kwa 65% ya waliopewa baada ya miezi 20, dhidi ya 11% ya wenzao. Si upasuaji, lakini madoa yakiwa nje ya ini pia, kwenye mifupa kwa mfano, inapaswa kutajwa kabla ya kisu.

Kupandikiza

Nambari zake zinavutia, na ndiyo zinazopotosha. Timu ya Milano, Italia, ilichapisha mwaka 2016 kwamba 97% ya waliopandikizwa walikuwa hai baada ya miaka 5 na 89% baada ya miaka 10, wakati kwa wasiopandikizwa ilikuwa 51% na 22%. Lakini tazama chujio: umri usiozidi miaka 60, daraja la chini, uvimbe wa mwanzo uwe umeshatolewa na uwe wa eneo linalomwaga damu kwenye vena ya poota, ini lisiwe limeliwa zaidi ya nusu, na ugonjwa uwe umetulia angalau miezi 6. Hakukuwa na kura ya bahati nasibu kati ya makundi hayo mawili. Ulaya kwa ujumla, katika wagonjwa 213 waliopandikizwa kwa vigezo vilivyolegea zaidi, walio hai baada ya miaka 5 walikuwa 52%.

Ile miezi 6 ya kusubiri wengi huiona kama urasimu. Ni kipimo: uvimbe utakaokimbia, ukimbie kabla ya ini jipya kuwekwa, kwani dawa za kushusha kinga zitauachia uwanja. Kwa Waafrika Mashariki wanaosafiri hadi India, ini kwa kawaida hutoka kwa ndugu aliye hai, ambaye hutoa upande wa kulia, karibu 60% ya ini lake, na hatari yake ya kufa ni takriban 2 hadi 5 kati ya 1,000. Ndugu asikiwe peke yake, bila mgonjwa na bila wazee wa ukoo chumbani.

Saratani mbili adimu, zisizo NET, zenye majibu tofauti

Melanoma ya jicho ikisambaa, ini ndilo hushambuliwa kwa karibu wote. Huwapata zaidi watu weupe. Hapa madoa ni mengi mno na madogo kama chembe za mchanga. Kukata hufaa wachache tu. Palipo na njia, ini hutengwa na mzunguko wa damu na kuoshwa kwa melfalani ya kipimo kikubwa. Jaribio la Sweden la mwaka 2023 lilipata vivimbe kusinyaa kwa 40% ya wagonjwa, dhidi ya 4.5% ya waliopewa tiba nyingine.

GIST, uvimbe wa ukuta wa tumbo na utumbo, huanza na vidonge vya imatinibu, miligramu 400 kwa siku. Doa la ini linaloitikia dawa hujaa maji na wakati mwingine huonekana kubwa zaidi kwenye CT ilhali linakufa, na kuna waliokimbizwa mezani kwa kosa hilo. Kisu huja baadaye, miezi 6 hadi 12, dawa ikiwa imeshaushika uvimbe. Imatinibu husimamishwa karibu na siku ya upasuaji na huanzishwa tena mgonjwa akishaanza kula, hata kama hakuna doa lililoachwa.